Mpinzani akitaja kyubidi nawe ukapiga dabo, unamwambia nini patna wako?

#1 Mkaa Kusini

Wakuu wa briji, salaam. Nahitaji majibu kabla ya Jumatano maana patna wangu hapokei simu.

Tulikuwa Upanga, meza ya kawaida. Wapinzani wako hatarini (bonasi na adhabu zao ni kubwa zaidi), sisi hatuko. Wa kushoto kwangu kafungua 1 kopa. Patna kaingilia kwa 1 shupaza. Wa kulia kwangu katia 2 shupaza, yaani kyubidi, kutaja aina yetu ili kuonyesha nguvu: "nina kopa tatu au zaidi na pointi 10 kwenda juu." Mkono wangu (A ni ree, pointi 4; K mfalme, 3; Q malkia, 2; J gulamu, 1):

Shupaza Q84, Kopa 62, Uru A986, Pau 10962

Nikapiga dabo, yaani kuzidisha alama za tajo lao. Wa kushoto kasema 4 kopa, wengine pasi. Patna alikuwa na hizi:

Shupaza KJ1073, Kopa A5, Uru 1073, Pau A85

Akaanza na uru 10. Wamekula mapigo 10, alama 620 kwao. Namuuliza, shupaza umeiacha ya nini? Ananiambia dabo yangu ilimkataza. Mimi tangu nijifunze briji najua dabo ya kyubidi inasema kitu kimoja: anza na aina hiyo, nina picha (karata kubwa). Nani yuko sahihi?

#2 Kashata Kavu

Nimekaa mkao. Huu uzi utafika mbali, wapiga dabo wa Dar nawajua.

#3 Dumi wa Sinza

Mkaa, uko sahihi. Patna ameingilia 1 shupaza, na anaweza kuwa nazo KJ10, AJ9, Q109 au hata ukuta mtupu. Kuanza na aina yenye tundu katikati ni kazi ya roho ngumu, kwa sababu unaweza kumzawadia mchezaji (mpinzani anayecheza mkataba) pigo ambalo hakuwa nalo. Dabo yako inaondoa hofu hiyo. Inasema nina ree, mfalme au malkia, anza bila wasiwasi. Ni mantiki ileile ya dabo ya Rosenkranz: patna akiingilia, mpinzani akasema kitu, dabo yangu ni kukubali aina yake nikiwa na picha moja kubwa. Nikiikubali kwa kuitaja tu, sina picha.

#4 Mwalimu Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Dumi amesema kweli lakini ameishia katikati.

Jiulizeni hivi: wa kulia angepasi, Mkaa angesema nini? Angesema 2 shupaza. Ana shupaza tatu, ree ya pembeni na pointi 6, mkono wa kukubali wa kawaida kabisa. Sasa mpinzani ameichukua 2 shupaza yake akaifanya kyubidi. Amebakiwa na nini? 3 shupaza ni juu mno, na wengi tunaiweka kwa shupaza nne na mkono dhaifu wa kuziba njia. Kwa hiyo dabo maana yake ni "ningesema 2 shupaza." Patna akiwa na shupaza sita anaweza kushindana hadi 3. Habari ya kuanza na shupaza inakuja nyuma yake.

#5 Dumi wa Sinza

Shikamoo mwalimu. Lakini kwa mtindo wako nikiwa na 984 tupu na pointi 7 kwingine napiga dabo? Patna anaanza chini ya mfalme, malkia yuko kwa dumi (mwenza wa mchezaji, anayelaza karata wazi), tumekwisha.

#6 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Ukiwa na 984 tupu unapasi. Hakuna anayelazimishwa kukubali kila mara.

#7 Dumi wa Sinza

Basi tumekutana palepale mwalimu, dabo ina picha ndani yake.

#8 Mwalimu Mstaafu

Hatujakutana. Mimi na A4, shupaza mbili tu, sipigi dabo. Wewe unapiga.

#9 Mhasibu Tabata

Mnanishangaza. Kuna watu wanacheza kinyume kabisa na wana hoja. Fikirini kimahesabu: mtu aliyeingilia kwa shupaza ataanza na nini asipoambiwa kitu? Mara nyingi shupaza. Sasa kwa nini upoteze dabo kumwambia afanye anachokwenda kufanya? Habari yenye thamani ni ile inayobadili uamuzi. Kwa hiyo dabo ni "usianze na aina yako, tafuta kwingine", na pasi ni "endelea na mpango wako." Patna wa mleta uzi hajatoka mbinguni.

#10 Kashata Kavu

Mhasibu kaja na daftari lake.

#11 Pantoni

Kwa heshima, hoja ya #9 ina tundu. Ukiwa na takataka, pointi 2 na shupaza mbili ndogo, utapasi. Pasi hiyo kwako inamaanisha "anza na shupaza"? Mikono mingi ya mtu huyu wa nne ni takataka, kwa sababu mmoja kafungua, mwingine kaonyesha 10, na patna wetu naye ana za kuingilia. Zimebaki ngapi kwenye 40? Pasi lazima iwe haisemi kitu. Na kama pasi haisemi kitu, dabo ndiyo iseme jambo zuri.

#12 Mhasibu Tabata

Pasi isiyosema kitu inamwacha patna aanze na anachotaka, ambacho ni aina yake. Sijaona tundu.

#13 Kei ya Kopa

Tuache falsafa, tucheze mkono wenyewe. Kwa hesabu ya karata zilizotajwa, wapinzani wanabaki na hizi. Nimezigawa kwa namna inayolingana na yaliyotajwa mezani, Mkaa utasahihisha:

Mchezaji: Shupaza A6, Kopa KQ10973, Uru 52, Pau K74
Dumi: Shupaza 952, Kopa J84, Uru KQJ4, Pau QJ3

Ukianza na shupaza 7, malkia anamtoa ree. Mchezaji kabaki na shupaza 6 mkononi na hana pa kuitupa kwa wakati. Akivuta turufu, patna anakula ree ya kopa na hapohapo mfalme wa shupaza. Akikimbilia uru, Mkaa anapanda na ree, anarudisha shupaza, yaleyale. Shupaza, kopa, uru, pau: mapigo manne, mkataba chini moja.

Ukianza na uru 10, dumi anatia gulamu, ree ya Mkaa inakula, shupaza inarudi, ree ya mchezaji. Sasa uru 5 kwenda kwa malkia, kisha mfalme wa uru na shupaza 6 inatupwa. Wanapoteza ree tatu tu.

#14 Mkaa Kusini

Kei, umezigonga isipokuwa zile ndogondogo, na hazibadilishi kitu. Hivyohivyo ndivyo ilivyokwenda. Ile shupaza 6 niliitazama ikitupwa.

#15 Tegeta Kwa Ndevu

Ngoja. Hata angeanza na ree ya pau au ree ya kopa, akamwona dumi, kisha akageukia shupaza, bado mkataba unakufa. Kwa hiyo si kweli kwamba lazima angetangulia na shupaza. Alihitaji tu asiguse uru.

#16 Kei ya Kopa

Sahihi. Ree yoyote kati ya hizo mbili kisha shupaza, mkataba chini.

#17 Patna Mwenyewe

Ni mimi mnayenijadili. Nimetumiwa huu uzi na watu watatu tofauti tangu asubuhi.

Mkaa hajaeleza yote. Mwezi uliopita hapohapo mezani yeye alipiga dabo kyubidi ya namna hii akiwa na shupaza moja tu, uru tano na pau tano, na baadaye akasema "nilikuwa naonyesha aina mbili nyingine tushindane." Niliandika kwenye karatasi ya makubaliano yetu. Sasa juzi nimeona dabo, nikahesabu: kama ana aina mbili nyingine, nianze na ipi? Pau nina ree, sianzi chini ya ree dhidi ya mkataba wa turufu. Imebaki uru. Nikatoa 10. Mniambie nilikosea wapi.

#18 Kashata Kavu

AISEE.

#19 Mjomba Chang'ombe

Hahaha Mkaa, jibu hoja mjomba, usijifiche nyuma ya dumi.

#20 Mkaa Kusini

Siku ile patna alikuwa ameingilia kwenye ngazi ya pili na wa kulia alisema 3. Ni mnada mwingine kabisa.

#21 Patna Mwenyewe

Karatasi haisemi "isipokuwa ngazi ya pili."

#22 Mwalimu Mstaafu

Patna wa Mkaa, nakuelewa, lakini hiyo dabo ya aina mbili nyingine ina shida. Mpinzani wa kulia ametangaza nguvu, mwenzake amefungua. Ukimwita patna wako achague aina nyingine kwenye ngazi ya tatu katikati ya watu wenye pointi 22 au zaidi, unamwita kaburini. Mkono wa aina hiyo ni nadra na hatari. Mkono wa picha moja na karata tatu huja kila wiki. Dabo mpe yule anayekuja kila wiki.

#23 Pantoni

Hapo mwalimu umemaliza.

#24 Mhasibu Tabata

Hajamaliza. Lakini endeleeni.

#25 Mgeni Njia

Wakuu samahani, mimi naanza. Nilifundishwa kyubidi ni kwenye slamu (mkataba wa mapigo 12 au 13), unaonyesha ree au mfalme. Hii ya kukubali kopa mbona naona ni kitu kingine?

#26 Dumi wa Sinza

Karibu. Ni mbili tofauti zenye jina moja. Ya kwanza: mtu anataja aina ya mpinzani kuonyesha nguvu, ndiyo ya uzi huu. Ya pili: wameshakubaliana turufu, wanatajiana ngome zao wakitafuta slamu. Kwenye ya pili hakuna ubishi wa kutisha, dabo ni "anza na hii." Wao wamesema 1 shupaza, 3 shupaza, 4 pau, 4 uru, wewe uko nyuma ya 4 uru na una KQ10 za uru: dabo, patna akianza ajue pa kwenda.

#27 Tegeta Kwa Ndevu

Na usipopiga dabo pia umesema kitu. Patna anajua 4 uru ilipita mbele yako ukanyamaza, basi ataegemea kwingine. Kwa mnada huo wa Dumi ataegemea pau, maana ulinyamaza na 4 pau vilevile.

#28 Pantoni

Hapana. 4 pau ilitajwa na wa kushoto kwako. Ilipokufikia zamu, ilikuwa imeshafunikwa na 4 uru. Huwezi kupiga dabo tajo lililofunikwa. Kwenye mnada kama huu unayeweza kumpiga dabo ni wa kulia kwako tu, ya kushoto ni kazi ya patna. Kwa hiyo ukimya wako juu ya pau hausemi lolote, ukimya wa patna ndio unaosema.

#29 Tegeta Kwa Ndevu

Hoja imepokelewa. Ukimya wa uru unabaki palepale.

#30 Mjomba Chang'ombe

Sasa niwaambie gharama yake, maana vijana mnapiga dabo kama mnapigia honi daladala. Ukipiga dabo 4 uru, unampa mpinzani wa pili vitu viwili ambavyo hakuwa navyo: pasi na ridabo (kuzidisha tena juu ya dabo). Mwanzo alilazimika kusema kitu cha juu zaidi. Sasa ridabo yake inaweza kuwa "ree ninayo" na pasi "sina cha kusema hapa, endelea wewe." Umewapanulia nyumba.

Na kuna siku wataiacha palepale. Nimeona mtu ana uru KQ1084 kapiga dabo 4 uru, wakasema ridabo, wote pasi. Wakala mapigo 10 kamili. 4 uru kwa ridabo, hatarini, ni 920. Slamu hawakuihitaji tena.

#31 Mhasibu Tabata

Mjomba, 4 uru ni 80, mara nne 320, bonasi ya gemu hatarini 500, na 100 ya fidia ya ridabo. 920, sawa. Lakini kama ni ile meza ninayoikumbuka, hawakuwa hatarini.

#32 Mjomba Chang'ombe

920 iliandikwa kwenye karatasi, niliiona kwa macho haya.

#33 Kei ya Kopa

Mnaweza kuwa sahihi wote. Wasipokuwa hatarini: 320, bonasi 300, fidia 100, na pigo moja la ziada kwenye ridabo ni 200. Jumla 920. Kwa hiyo ama walikula 10 hatarini au 11 bila hatari.

#34 Mjomba Chang'ombe

Walikula 10.

#35 Mhasibu Tabata

11.

#36 Kashata Kavu

Nendeni nje mkapigane, mtatuvunjia vikombe vya kahawa.

#37 Zuhura wa Ilala

Mmesahau splinta. Mpinzani kafungua 1 shupaza, mwenzake karuka 4 uru kuonyesha shupaza nne na uru moja au hakuna. Hapo dabo ya "anza na uru" ni kichekesho, unamwambia patna aanze mahali ambapo dumi ana karata moja na turufu za kukatia. Wengine dabo hiyo wanaifanya "anza na aina ya chini kati ya mbili zilizobaki", yaani pau. Wengine, wakiwa hawako hatarini na wapinzani wako hatarini, wanaifanya mwaliko wa kujitoa mhanga: "nina uru ndefu, 5 uru inaweza kutugharimu kidogo kuliko gemu yao." Mimi na patna wangu tuko kwenye hii ya pili. Tukiwa wote hatarini tunarudi kwenye pau.

#38 Dumi wa Sinza

Kukumbuka hayo yote saa nne usiku baada ya foleni ya Mwenge, dada unahitaji maua yako.

#39 Zuhura wa Ilala

Ndiyo maana tunaandika.

#40 Boda wa Masaki

Hii ya kuomba aina fulani kwa dabo si ndiyo dabo ya Lightner? Mbona mnaipa majina mengi?

#41 Pantoni

Sio hiyo. Theodore Lightner, Mmarekani, mwaka 1929 alitoa wazo la kupiga dabo slamu yenyewe wapinzani wakishafika mwisho wa mnada wao: patna, usianze na kilicho dhahiri, pengine kuna aina niliyoikosa kabisa, nitaikata kwa turufu. Ile inapigwa kwenye mkataba wa mwisho na inataka karata isiyotarajiwa. Ya kyubidi inapigwa katikati ya safari na inataka aina ileile iliyotajwa.

#42 Boda wa Masaki

Nimeelewa. Wamarekani walikosa kazi kipindi hicho. Huyo Culbertson aliyevumbua briji naye alikuwa kwao.

#43 Mwalimu Mstaafu

Culbertson aliitangaza, aliiuza vitabuni na redioni. Aliyepanga alama za briji hii tunayocheza, pamoja na hilo suala la hatarini, ni Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa melini SS Finland kutoka Los Angeles kwenda Havana kupitia Panama. Alikuwa tajiri na safari ilikuwa ndefu.

#44 Kashata Kavu

Sisi pantoni ya Kigamboni ni fupi mno, ndiyo maana hatujavumbua kitu.

#45 Pantoni

Nimeitwa?

#46 Zuhura wa Ilala

Kama ni historia, huyo Rosenkranz wa Dumi ana kubwa zaidi. George Rosenkranz alizaliwa Hungaria, akaishia Mexico, mkemia wa kampuni ya Syntex. Maabara yake ndiyo iliyotengeneza mwaka 1951 kiini kilichokuja kutumika kwenye vidonge vya uzazi wa mpango. Na mwaka 1984 mkewe Edith alitekwa nyara Washington wakiwa kwenye mashindano ya briji, ikadaiwa fidia ya dola milioni 1. Alirudi salama na watekaji wakakamatwa. Mzee alifariki 2019 akiwa na miaka 102.

#47 Mjomba Chang'ombe

Miaka 102! Huyo hakuwa na patna wa kuanza na uru.

#48 Patna Mwenyewe

Naona. Endelea mjomba.

#49 Kashata Kavu

Lakini wakuu, kwenye albastini za kijiweni tusingefika huku. Ukitaka patna aanze na shupaza unakuna sikio. Biashara imeisha.

#50 Pantoni

Kwenye briji sikio hilo linakufungia maisha. Mwaka 1965 Buenos Aires, mashindano ya dunia, Waingereza Reese na Schapiro walituhumiwa kupeana idadi ya kopa kwa vidole vilivyoshika karata. Shirikisho la dunia likawatia hatiani.

#51 Mwalimu Mstaafu

Malizia basi. Uingereza walifanya uchunguzi wao wenyewe uliochukua muda mrefu, na wakawaona hawana hatia. Watu wanabishana mpaka leo.

#52 Pantoni

Ndiyo mwalimu, nilikuwa nakuja huko.

#53 Tegeta Kwa Ndevu

Hapa kuna jambo linalohusu uzi moja kwa moja. Mnapenda kufikiri dakika nzima juu ya kyubidi kisha mnapasi. Ukifanya hivyo, patna ameshajua ulikuwa na cha kusema. Kanuni ya 16 inamkataza kutumia habari hiyo. Ukisita ukapasi, na patna akaanza na aina ile kutoka kwenye Kx (mfalme na ndogo moja), jiandaeni mwamuzi kuitwa. Amueni mapema: dabo au pasi kwa mwendo uleule.

#54 Dumi wa Sinza

Nakazia hii. Na kama mnacheza kinyume cha kawaida kama Mhasibu, wapinzani wana haki ya kujua. Mezani patna ndiye anayetoa tahadhari pale sheria za waandaaji zinapotaka, kwenye BBO (briji ya mtandaoni) unatoa mwenyewe.

#55 Mhasibu Tabata

Huwa natoa. Hawaamini.

#56 Kei ya Kopa

Nirudi kwenye ubishi wa #4 na #5, sioni kama umekwisha. Nimejaribu kuweka mikono kadhaa mezani. Mkono wenye A4 ya shupaza na takataka: Dumi anapiga dabo, mwalimu anapasi. Wapinzani wakiishia 4 kopa na patna akianza, Dumi anashinda. Lakini wapinzani wakisimama 3 kopa, patna wa Dumi mwenye shupaza sita hajui kama Dumi ana karata mbili au tatu za kumsaidia, akisema 3 shupaza anaweza kulia. Patna wa mwalimu anajua zipo tatu. Kwa hiyo kinachoamua ni mara ngapi mnanunua mkataba ninyi na mara ngapi mnakaa kuulinda. Sina takwimu, na kila mmoja atakumbuka mikono yake aliyoshinda.

#57 Dumi wa Sinza

Mfunguaji akiwa na kopa na mwenzake ana 10, tunanunua sisi? Nadra sana. Picha kwanza.

#58 Mwalimu Mstaafu

Kwenye mashindano ya jozi, 3 kopa dhidi ya 3 shupaza ndipo alama zilipo, Dumi. Ukicheza timu nitakuachia.

#59 Zuhura wa Ilala

Sisi tumegawa: dabo ni karata tatu yenye picha. Picha bila karata tatu, pasi na kuomba Mungu. Karata tatu bila picha, pasi vilevile.

#60 Mhasibu Tabata

Yaani mnapasi mara nyingi kuliko mimi, halafu mimi ndiye mwenye mfumo mbaya.

#61 Mkaa Kusini

Nashukuru wakuu. Patna, Jumatano?

#62 Patna Mwenyewe

Njoo na kalamu. Hiyo karatasi tunaiandika upya, na ngazi ya pili iwe na mstari wake.

#63 Boda wa Masaki

Kabla hamjafunga: sisi ndio tumefungua 1 kopa na mpinzani katia 2 kopa, kyubidi ya Michaels. Shupaza tano na aina moja ya chini. Dabo ya patna hapo pia ni "anza na kopa"?

#64 Kei ya Kopa

Hapana kabisa. Hapo sisi ndio wenye nguvu. Dabo ni pointi 10 kwenda juu na hamu ya kuwaadhibu kwenye moja ya aina zao. Wakikimbilia popote, dabo inayofuata ni ya adhabu. Ukiwa na kopa tatu na nguvu ya kualika gemu usipige dabo, taja 2 shupaza, aina yao inayojulikana.

#65 Mjomba Chang'ombe

Sisi dabo hiyo ni pointi 9. Tumezeeka, tunataka kuadhibu mapema.

#66 Mgeni Njia

Na hii je: patna 1 uru, pasi, mimi 1 kopa, wa kushoto kwangu 2 uru, patna dabo. Jana usiku BBO nilidhani anaadhibu, nikapasi.

#67 Dumi wa Sinza

Kwanza uliza 2 uru ni nini. Wengi mahali hapo wanaicheza kama uru za kweli, ametaja aina ya mfunguaji kwa sababu anazo. Kama ni za kweli dabo ya patna ni adhabu.

#68 Zuhura wa Ilala

Sio kwa wote. Wanaocheza dabo ya msaada ya Eric Rodwell, hiyo ni kopa tatu kamili, bila kujali 2 uru ni nini. Ulikuwa na kopa ngapi?

#69 Mgeni Njia

Tano.

#70 Mhasibu Tabata

Na walikula mapigo mangapi?

#71 Mgeni Njia

Tisa.

#72 Kashata Kavu

Mhasibu, toa kikokotoo.